Sumukuvu: Neno lililochelewa kufika Ukambani

Kuna maneno yanayoingia katika lugha taratibu, na kuna yale yanayoletwa na msiba. Wiki hii tulitazame neno ‘sumukuvu’.

Mwaka 2004, watu wa Makueni na Kitui walianza kuwa na macho ya manjano, matumbo yakavimba. Kufikia Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa katika wilaya hizo na jirani zake, zikiwemo Machakos na Thika. Waliofariki walikuwa 125. Kilichowaua ni mahindi. Redio zikatangaza ‘aflatoksini’. Mama mmoja wa Kibwezi akaniuliza, “Sasa mwalimu, huyo Afla ni nani?” Nilimweleza kwa dakika kumi. Neno moja lingetosha.

Jina hilo asili yake ni Uingereza, ambako zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa mwaka 1960 kwa kulishwa karanga zenye kuvu. Wanasayansi walitwaa ‘a’ ya Aspergillus na ‘fla’ ya flavus, wakaongeza neno lao la sumu. Mwaka 1981, watu 12 walikufa Machakos kwa sumu iyo hiyo. Miaka 23 baadaye, mama yule bado hakuwa na neno la kumwonya mwanawe.

Watafiti waliochunguza vifo vya 2004 waligundua kuwa familia nyingi zilizougua zilikuwa zimeweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba, wala si ghalani. Wazee wetu walijenga ikumbi, ghala lililoinuliwa ili upepo upite chini yake. Ukame ulipunguza mavuno, mvua ikanyesha wakati wa kuvuna, na watu wakahofia wezi. Basi mahindi yakalala chumbani pamoja na wenyewe.

Leo maabara zimerudi kwenye mimea. Mafuta ya karafuu na ya mrihani huzuia kuvu kuota. Shida ni kwamba hupaa hewani upesi, na ugali unaonuka karafuu, nani ataula? Kwa hiyo matone yake hufungwa ndani ya vibonge vidogo mno vya wanga, gundi ya mgunga, au kitosani itokanayo na magamba ya kaa, ili yatoke polepole. Wenzangu huhangaika kutafuta istilahi ya kazi hiyo. Mbona tunayo? Mkono hufumbata sarafu. Kibonge nacho kifumbate mafuta.

Lakini tusidanganyane. Mafuta hayo huzuia kuvu, hayafuti sumu iliyokwisha kuingia katika punje. Kupika nako hakuiondoi. Isitoshe, punje yenye sumu yaweza kuonekana safi kabisa.

Ndiyo maana nawashukuru Watanzania kwa ‘sumukuvu’. Sumu, kuvu: hata mtoto wa gredi ya pili ataelewa bila kamusi. Vyombo vyetu vya habari na maafisa wa kilimo walitumie. Nami nikimwona tena mama yule nitamwambia, “Si mtu, mama. Ni sumukuvu. Anika mahindi yakauke kwanza, ndipo uyaweke.”