Saipresi ya Mlima Kenya na Miaka ya Majani Kukauka

Anayepanda matatu Karatina kwenda Nyeri, kisha akaendelea hadi Naro Moru na Nanyuki, huiona saipresi hata siku ambazo mlima umejificha mawinguni. Ndiyo ua wa boma na mpaka wa shule. Ndiyo mbao za paa, ndiyo mabanzi ya kuta za vibanda sokoni. Desemba ikikaribia, tawi lake hukatwa, likasimikwa kwenye debe la udongo uliolowa na kupambwa kwa pamba na karatasi za rangi, kwa kuwa ule mti wa Krismasi wa Ulaya si wa nchi hii. Waliozaliwa huku huihesabu saipresi kuwa mti wa kwao. Kumbe ililetwa, na tangu iletwe, magonjwa na wadudu wamewatoa jasho wenye misitu zaidi ya mara moja.

Mji wa Nyeri ulianza kama kituo cha Waingereza mwishoni mwa 1902. Wakati huo miteremko ya Mlima Kenya ilikuwa na mitarakwa upande mkavu, podo, na muthaiti kule kusini na mashariki kunakopata mvua nyingi. David Ernest Hutchins, ofisa wa misitu aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Afrika Kusini, aliikagua misitu hiyo, na ripoti yake ikachapishwa 1907. Serikali ya kikoloni iliona mali, ila mali yenyewe ilihitaji subira. Mtarakwa hausumbuliwi na mchwa na nguzo yake hudumu ardhini miaka mingi, lakini anayeupanda leo haupandi kwa ajili ya kuukata yeye mwenyewe. Saipresi ya Mexico na Amerika ya Kati hupasuliwa mbao ikiwa na miaka 30 hivi. Hesabu hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa miti ya kigeni.

Kuipanda ni jambo moja, kuilea ni jingine. Kuanzia 1910 Idara ya Misitu ilitumia mpango uliokuja kujulikana kama mfumo wa shamba. Familia, nyingi zikiwa za Wakikuyu wasio na ardhi ya kutosha, zilipewa vipande vya msitu uliokwisha kukatwa. Zililima mahindi, maharagwe na viazi, na katikati ya mazao zikapanda miche ya serikali. Nafasi iliyozoeleka ni mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600 kwa hekta. Kila aliyepalilia viazi alikuwa amempalilia na jirani wa viazi. Baada ya miaka mitatu au minne kivuli kilifunga, mazao yakakosa jua, na familia ikahamishiwa kipande kingine.

Hawakuwa na hati yoyote ya ardhi hiyo. Aliyeacha kazi ya msitu aliacha na shamba.

Saipresi ya kwanza kupandwa kwa wingi haikuwa hii inayoonekana sasa. Ilikuwa saipresi ya Monterey, kutoka pwani ya California, na ilikua vizuri mpaka ugonjwa wa donda ulipoingia. Kuvu hupenya kwenye gome, gome hubonyea na kupasuka, utomvu huchuruzika, na sehemu yote ya tawi iliyo mbele ya donda hufa. Donda likizunguka shina, mti mzima huenda. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa wazi kuwa aina hiyo haifai kutegemewa, na wapandaji wakageukia saipresi ya Mexico, iliyostahimili zaidi. Ndiyo iliyotawala mashamba ya misitu ya serikali tangu hapo, kuanzia Kabaru na Gathiuru hadi upande wa Meru.

Dada wa saipresi ya Monterey, msonobari wa radiata, alipatwa na yake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Safari hii kuvu ilishambulia majani. Madoa mekundu hutokea kwenye jani, ncha hukauka, kisha jani huanguka, na mti mchanga hubaki na vishungi vya majani kwenye ncha za matawi tu. Mtaalamu wa magonjwa ya miti, I. A. S. Gibson, aliongoza majaribio ya kunyunyizia dawa za shaba nchini Kenya. Dawa ilifanya kazi. New Zealand, yenye misitu mikubwa ya radiata, ilikuja kuitegemea shaba ya kunyunyizwa kwa ndege mwaka baada ya mwaka. Kenya ilifuata njia nyingine: iliacha kupanda radiata na kuchukua msonobari wa patula kutoka Mexico, ambao ugonjwa huo hauuwezi kwa urahisi.

Kubadilisha mti kulikuwa kumefaa mara mbili. Mara ya tatu hapakuwa na mti wa kubadilisha.

Vidukari wa saipresi walionekana Malawi mwaka 1986, wakapita Tanzania, na 1990 wakawa wamefika Kenya. Kidukari mwenyewe ana urefu wa milimita chache, rangi yake ya kahawia inalingana na gome, na hukaa kwa makundi kwenye vijiti vya ndani ambako mpita njia hatazami. Majike huzaa bila dume, na huzaa watoto walio hai, kwa hiyo kundi hujaa haraka. Hufyonza maji ya mti na kuacha mate yenye sumu ndani ya tishu. Anayejua kutafuta huwaona kwanza sisimizi wakipanda na kushuka shinani, kisha unata mtamu ambao vidukari huuacha kwenye majani, kisha ukungu mweusi unaoota juu ya ule utamu. Majani huanza kugeuka kahawia ndani, karibu na shina, na ukavu hutoka nje polepole. Mwenye ua anapogundua kuwa upande wa barabarani umebadilika rangi, upande wa ndani umekwisha kufa.

Mjini pigo lilionekana zaidi kuliko msituni. Ua wa saipresi hupandwa kwa kubanana na kukatwa mara kwa mara, na kiangazi huudhoofisha zaidi. Isitoshe, saipresi haichipui tena kwenye tawi kuukuu lisilo na majani, kwa hiyo pengo likishatokea hubaki pengo. Watu waling'oa nyua walizorithi kwa wazazi wao.

Dawa ingeweza kuokoa ua wa mtu mmoja, si maelfu ya hekta. Wataalamu wa kimataifa wa udhibiti wa wadudu, pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, walimtafuta adui wa kidukari huko Ulaya. Walimpata nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari, na buu wake akamla mwenyeji kutoka ndani. Malawi ilimwachilia 1994, na Kenya nayo ikamtumia katika muongo huo huo. Vidukari hawakutoweka, ila hofu ya kuipoteza saipresi yote ilipungua.

Wakati huo huo walezi wa miche, zile familia za mfumo wa shamba, walikuwa wameondolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku kilimo cha msituni, ikakiruhusu, kisha ikakisimamisha tena. Miongoni mwa waliokipinga vikali alikuwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe aliyechaguliwa mbunge wa Tetu mwishoni mwa 2002. Aliandika jinsi mashamba ya miti ya kigeni yalivyoondoa msitu wa asili Aberdare na kupunguza maji ya vijito alivyovijua utotoni. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua njia ya kukirudisha kwa masharti, kupitia vyama vya jamii zinazopakana na msitu. Ukataji wenyewe ulisimamishwa 1999, ukasimamishwa tena Februari 2018, na marufuku hiyo ya pili ikaondolewa 2023.

Miti inayopandwa sasa huchaguliwa kwa uangalifu zaidi. Utafiti uliofanywa Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kuwa saipresi hazilingani katika kustahimili vidukari, na kwamba ustahimilivu huo hurithiwa. Kwa hiyo mwenye kitalu anayenunua mbegu zilizochaguliwa anaanza mbele ya yule anayeokota koni chini ya ua wa jirani, asijue mti uliozizaa ulipitaje miaka ya vidukari. Kwa ua uliokwisha simama, ukaguzi huanza ndani: matawi ya katikati hufunuliwa kwa mkono wakati wa kiangazi, na vijiti vyenye makundi hukatwa na kuchomwa kabla ukavu haujafika nje.