Sarafu za kale: acheni kuzisugua kwa ndimu

Katika masanduku ya nyumba nyingi za Mwambao bado zimo sarafu za wazee: pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, rupia za 1888 zenye jina la Mombasa, na riale za fedha za Maria Theresa ambazo wengine walizitia vikuku wakazivaa. Kila zikitoka sandukuni, mtu hukimbilia ndimu, ukwaju, majivu au dawa ya kung'arishia vyuma. Sarafu hung'aa, na hapo ndipo inapoharibika.

Ule weusi wa fedha na hudhurungi ya shaba si uchafu. Ni uso wa chuma wenyewe uliobadilika kwa miaka. Asidi ya ndimu huula na majivu huukwaruza. Mkusanyaji anayejua kazi yake hutambua mara moja sarafu iliyosuguliwa, na bei huanguka. Kwa riale hasara ni kubwa zaidi, kwani zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa jana. Mapambo madogo madogo ndiyo yanayoonyesha ilipigwa wapi na lini. Yakifutika, ushahidi umekwenda.

Kinachofaa kuondolewa ni kilichoongezwa juu: mafuta ya vidole, gundi ya selotepu, na ule utelezi wa kijani unaotokana na albamu za plastiki laini. Kazi hiyo hufanywa na asetoni safi. Hiyo huyeyusha mafuta na gundi bila kugusa fedha wala shaba. Usinunue dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nyingi zimetiwa manukato na mafuta, nayo hubaki juu ya sarafu.

Tumia bilauri ya kioo, maana asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki. Itumbukize sarafu, funika, iache nusu saa au zaidi, kisha iinue kwa kibano cha mti na uisuuze katika asetoni nyingine mpya. Ilaze juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Usifute. Wala usisuuze kwa maji ya kisima. Haya yetu yana chumvi, na chumvi huila shaba.

Sasa hatari yenyewe. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na huwaka kwa cheche ndogo tu. Kwa hivyo jikoni hapana, karibu na seredani au chetezo cha udi hapana. Fanya uani au barazani, watoto wakiwa mbali.

Kutu ya kijani iliyokwisha kuila shaba haitoki kwa asetoni, na usiichokonoe. Sarafu iliyookotwa ardhini au magofuni usiitie chochote. Ipeleke Makumbusho ya Fort Jesus na udongo wake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 huhesabu kuwa mambo ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali.

Ikishakauka, ishike kwa ukingo, uitie katika kifuko cha plastiki ya poliesta, kisha ndani ya kopo linalofungika vyema pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Vile vinavyokuja na viatu vipya vyafaa, mradi havijachoka.