Wazee wa Birika la Chai

Katika nchi ya Wahaya ya miaka ya 1930, mwanamume aliyeota mvi hakuhitaji kuuliza jioni yake itaishia wapi. Kulikuwa na lubisi, pombe ya ndizi, na kulikuwa na wenzake waliokwisha kuketi. Ugomvi wa mipaka ya vibanja ulisemewa hapo, posa zilipimwa hapo, na mwenye jambo moyoni alilitoa hapo. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria Waganda walikuwa na pombe yao, iliyoitwa mwenge. Kwa Wakikuyu, pombe ilikuwa na masharti ya umri: ilikuwa haki ya wazee, na kijana aliyeionja bila ruhusa alijitafutia makubwa. Uzee ulikuwa na kiti chake, na kiti hicho kilikuwa kando ya kibuyu.

Kisha wakaja walokole, yaani “waliookoka” wa harakati ya uamsho, wakasema hawanywi.

Watu wengi huisoma habari hiyo kama habari ya ulevi na kuacha ulevi. Lakini kijana wa miaka 25 aliyeagana na lubisi mwaka 1939 alikuwa ameacha zaidi ya kinywaji. Alikuwa amejinyima kiti chake cha uzeeni miaka thelathini kabla hajakihitaji. Vikundi vya wazee vinavyokutana leo katika makanisa mengi ya Kianglikana, Kilutheri na Kipresbiteri, kuanzia Kagera hadi Kiambu, vina deni kubwa kwa watu hao waliolazimika kujitengenezea mahali pengine pa kukaa.

Harakati yenyewe ilianza kwa urafiki wa watu wawili. Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa Kampala akitokea Gahini, kituo cha misheni kilichoko kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Alikuwa amechoka. Njaa kubwa ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura ilikuwa imewamaliza watu wa eneo lake, na hospitali aliyotumwa kuiendesha ilimwelemea. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. Wakakaa siku mbili, Biblia mbele yao, wakisoma na kuomba pamoja. Hapakuwa na kamati wala ratiba. Kwa Uganda ya wakati ule, Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo na kuulizana hali ya mioyo yao kama watu walio sawa lilikuwa jambo la kushangaza kuliko mahubiri yoyote.

Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha shule. Isidhaniwe kwamba huko kulikuwa na amani. Wahudumu wa hospitali na madaktari wao walikuwa hawaaminiani, na Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkubwa wa wahudumu hao, alikuwa karibu kuondoka. Mwaka 1931 akasafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi, pengine akitarajia mtu wa kumhurumia. Alirudi mtu mwingine, akaanza kukiri hadharani makosa yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwafurahisha hata kidogo waliokuwa wakisengenya pamoja naye.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwishoni mwa 1933 watu wa Gahini walianza kuungama kwa makundi. Septemba 1935 likafanyika kongamano la Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Januari 1936 Kigozi akafariki dunia akiwa bado kijana, na wito wake wa mwisho kwa kanisa lake, “Zukuka”, yaani amka, ukaenea Uganda nzima. Mwaka 1937 timu ya wahubiri wao ilikuwa Kabete, Kenya. Mwaka 1939 nyingine ilikuwa Katoke, Tanganyika, kwenye chuo cha ualimu, na moto ukaingia Buhaya.

Kilichobaki baada ya makongamano kumalizika ndicho chenye uzito zaidi: kikao cha kila wiki. Ndugu, kama walivyoitana, walikutana nyumbani kwa mmoja wao au kwenye kona ya kanisa. Wakaimba, hasa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao tangu wakati huo umekuwa kama hati yao ya kusafiria. Ukiuimba Kisumu au Dodoma, mlango unafunguliwa. Kisha kila mmoja akasimama kueleza wiki yake ilivyokwenda. Walikuita huko “kutembea nuruni”, na hakukuwa na maneno ya jumla. Mtu alisema alimwonea wivu jirani kwa ajili ya ng'ombe wake. Mwingine alisema jembe lililoko nyumbani kwake si lake. Mablanketi ya hospitali yalirudishwa, madeni yaliyosahauliwa yakalipwa, na makarani wa serikali wakajikuta wakipokea fedha ambazo hawakujua kama ziliwahi kupotea.

Utaratibu huo ulikuwa na meno. Mmisionari angeweza kuambiwa na mpishi wake, mbele ya watu, kwamba ana kiburi. Si wote waliovumilia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kushikilia kuamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakiwakosoa walimu wao. Kanisa lingeweza kupasuka vipande viwili hapo. Halikupasuka, kwa sababu waliofukuzwa hawakuanzisha dhehebu. Walibaki waumini wa parokia zao, na jioni zao wakazipeleka kwenye ushirika.

Baada ya ushuhuda, chai.

Chai ya maziwa, iliyokolea majani, sukari ikiwapo. Watu wa nje waliicheka. Mwanamume mzima anakaa kunywa chai na wanawake! Dhihaka hiyo ilikuwa imegusa jambo la kweli. Kwenye kibuyu, wanawake walipika na kuhudumia zaidi kuliko kuketi. Kwenye ushirika walikaa, wakashuhudia, na mara nyingine wakamwambia mwanamume kwamba ushuhuda wake una kasoro. Kwa mjane ambaye ukoo wa marehemu mumewe ulimtazama kama mzigo, au kama mali ya kurithiwa, hicho hakikuwa kikombe cha chai tu. Zilikuwa ni nyumba kumi na tano ambako angeweza kubisha hodi.

Ushirika ulianza kubeba kazi za ukoo. Posa ilipokuja, ndugu ndio waliosimama kama wazazi wa kijana aliyekataliwa nyumbani kwao kwa sababu ya wokovu. Wako walokole waliokataa kupokea mahari ya binti zao, na hapo waliwaudhi mababu na wajomba kuliko walivyowahi kuwaudhi kwa kukataa pombe. Misiba ikawa yao. Katika maeneo ambako maziko yalikuwa ya vilio na hofu ya uchawi, walokole walizika kwa kuimba, na majirani walikuja kwanza kutazama kioja, halafu wakakaa.

Katika miaka ya 1950 urafiki huo ulipimwa vikali nchini Kenya. Walokole wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za walinzi wa serikali. Matokeo yake yanajulikana: walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Waliookoka kifo wakatoka na makovu na majina ya wenzao vichwani. Ukimsikia ajuza wa Murang'a au Kiambu akimwita mwanamke asiye wa damu yake “dada” kwa uzito usio wa kawaida, huenda mizizi ya undugu huo iko kwenye miaka hiyo.

Wasifanywe malaika. Kundi linalochunguzana kila wiki huweza kuwa mahakama isiyo na rufaa, na walokole walijua kuhukumu nywele, hereni na vikuku. Nchini Uganda walijitokeza Bazuukufu, “walioamka”, walioona wenzao wamepoa. Walikataza hata kukopa, na mgawanyiko huo ukawatenganisha marafiki wa miaka mingi. Yako makovu ya ugomvi huo ambayo chai haikuyaponya.

Hata hivyo, waliobaki pamoja walizeeka pamoja, na hapo ndipo jambo ambalo hakuna aliyelipanga lilipotokea. Vijana wa Gahini na Kabale wakawa maaskofu na babu za watu. Mei 1955, huko Namirembe, Obadiah Kariuki, aliyekuwa mlokole tangu ujana, aliwekwa wakfu kuwa askofu pamoja na Festo Olang' wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika. Erica Sabiti akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda mwaka 1966. Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka huohuo Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Askofu Festo Kivengere, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, akakimbia kwa miguu kuvuka milima kuingia Rwanda.

Nsibambi mwenyewe hakupata cheo chochote kanisani. Afya yake ilidhoofika na katika miaka yake ya mwisho alikuwa mtu wa nyumbani. Watu ndio waliomfuata, wenye cheo na wasio nacho, wakakaa, wakaomba ushauri, wakaenda zao. Alifariki mwaka 1978. Mwanawe, Apolo Nsibambi, alikuja kuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011, lakini ni ile sebule ya baba yake ambayo ushirika uliiiga kila mahali: mzee asiyeweza tena kutoka haachwi, kikao kinahamia kwake.

Desturi hiyo ingalipo. Siku ya zamu ya nyumba fulani, saa nane mchana hivi, viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani na benchi la jikoni linatolewa nje. Birika kubwa limefunikwa kwa kitambaa, chupa mbili za chai ziko kando, na kuna sahani ya viazi vitamu au mandazi. Wanaume wamevaa makoti ingawa kuna joto. Mama mmoja ana Biblia iliyofungwa kwa mpira kwa sababu jalada limeachia. “Bwana Yesu asifiwe!” “Amina!” Anayefuata kusimama anaeleza kwamba alimkasirikia mkwewe kwa sababu ya chumvi, akaenda kumwomba radhi, na mkwe akacheka. Watu wote wanacheka pia. Halafu zinafuata taarifa, na taarifa ndizo roho ya kikao: nani amelazwa, nani ametoka hospitali, nani hajaonekana tangu wiki ya juzi na nani atakwenda kumwangalia. Aliyepewa kazi hiyo hutakiwa kuleta jibu. Ni orodha inayotunzwa kichwani, na mara chache humpoteza mtu.

Wakatoliki walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa utume wao, na tangu hapo sala ya kila wiki inazunguka nyumba kwa nyumba mitaani. Tofauti ni kwamba jumuiya ilitoka juu ikashuka, na hukusanya umri wote. Ushirika wa uamsho ulianzia chini, ukawa wa wazee kwa sababu tu wenyewe walizeeka.

Serikali nazo zimeanza kumtazama mzee. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, Zanzibar ikaanza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ikafuata kwa shilingi 2,000 zake mwaka 2018. Ni fedha za sabuni na sukari, na zina maana. Lakini hakuna dirisha la malipo linaloulizia kwa nini Bibi hajaonekana tangu wiki ya juzi.

Pigo kubwa lilikuja Julai 2020. Kenya ilipofungua tena nyumba za ibada zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, ruhusa ilitolewa kwa waumini mia moja kwa ibada, kwa saa moja, na wenye umri wa miaka 13 hadi 58 tu. Nia ilikuwa kuwalinda wazee, na huenda iliwaokoa wengi. Ila watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi lilelile kwa miaka hamsini walibaki nyumbani wakati wajukuu wakienda kanisani. Masharti yalipolegezwa baadaye, kulikuwa na viti ambavyo wenyewe walikuwa wamekwisha kufa, baadhi yao wakiwa wamezikwa na watu wachache, bila ule mkusanyiko wa nyimbo walioutegemea.

Sasa sharika na parokia nyingi za mijini zimeanzisha kundi rasmi la wazee, lenye mwenyekiti, katibu, mhazini, sare ya kitenge na mchango wa kila mwezi. Kuna safari za mbugani, vipimo vya shinikizo la damu baada ya ibada, na kundi la WhatsApp ambalo wajukuu ndio wanaolisomea kwa sauti. Wazee wa uamsho waliosalia wanajiandikisha humo kama wengine. Kisha, siku yao ya kawaida ikifika, wanakwenda pia kwenye kile kikao kisicho na daftari, na wakiulizwa na katibu kwa nini wanahudhuria viwili, wanamkaribisha.