Ufunguo Ulio Mbali: Kutoka Meli ya Liuli hadi Seva za Kyela

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen iliingia Sphinxhafen, bandari tunayoijua leo kwa jina la Liuli katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, ikaikuta meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Guendolen ikafyatua mizinga. Nahodha Berndt akajitupa ndani ya mashua, akapiga makasia kumfuata nahodha Rhoades, rafiki yake wa siku nyingi, akitaka kujua kama amelewa. Vita kati ya mataifa yao ilikuwa na siku tisa. Rhoades alikuwa amepata habari na amri. Berndt hakuwa na habari yoyote.

Wanafunzi wangu hukicheka kisa hiki kila mwaka. Mimi hukisoma kama habari ya waya. Kabla karne ya 19 haijaisha, kampuni ya telegrafu ya Cecil Rhodes ilikuwa imekwisha kupitisha nyaya zake Nyasaland, na mwaka 1899 Rhodes mwenyewe alikwenda Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm II ruhusa ya kuzipitisha katika ardhi ya Wajerumani. Aliyekuwa karibu na waya alijua mapema, akatenda mapema. Wenyeji wa mwambao, yaani Wanyakyusa, Wakisi na wengineo, hawakuhesabiwa kabisa katika mawasiliano hayo. Majeshi yalipovuka mto Songwe kwenda kupigana Karonga Septemba ileile, mizigo ilikuwa mabegani mwa watu ambao hakuna aliyewaletea telegramu.

Kisa hicho kilinirudia msimu wa mvua uliopita, nikiwa katika ofisi moja ya umma wilayani Kyela ambayo sitaitaja. Kijana aliyewahi kusoma kwangu Taaluma za Maendeleo ndiye afisa TEHAMA wa pale. Tulikuwa hatujamaliza shikamoo na marahaba, mama mmoja mfanyabiashara akaingia, kanga imelowa. Fuso lake lilikuwa limepakia mchele tangu alfajiri, nalo lisingeweza kuondoka bila kibali, na kibali kisingetoka bila kumbukumbu namba ya malipo. “Mwanangu, turubai langu limetoboka,” akamwambia yule kijana. “Niambie ukweli, nishushe mzigo au nisubiri?”

Kijana hakuwa na jibu. Kompyuta za ofisi ile ni zile ambazo mezani huna ila kioo na kibodi. Programu, mafaili na kazi yenyewe vimo ndani ya seva iliyo mbali, nawe huonyeshwa taswira yake tu. Usiku umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, mashine ya kaunta iliwaka, lakini seva ikaikatalia kuingia. Akapiga simu makao makuu. Mtaalamu wa huko, kwa adabu kabisa, akamwomba afungue programu ya msaada wa mbali ili aingie na kuirekebisha mwenyewe. Programu ile nayo ikakataa.

Sababu ilikuwa ndogo mno. Ndani ya kompyuta mna betri ya mviringo, ndogo kama kitufe, inayotunza saa mashine inapokosa umeme. Ikifa, mashine huamka ikiamini iko miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama ambavyo seva hutumia kujitambulisha vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mashine iliyopotewa na wakati, vyeti hivyo bado havijazaliwa, kwa hiyo mlango haufunguki. Na msaada wa mbali hupitia mlango uleule uliofungwa. Yule kijana alilijua hilo mapema. Betri alishainunua dukani kwa bei ya soda mbili. Alichokosa ni nywila. Hakuruhusiwa kubadili saa, wala kugusa mipangilio ya ndani ya mashine. Ruhusa ilikuwa makao makuu, na aliyeishika alikuwa kikaoni.

Sisemi turudishe kila seva wilayani. Nimeviona vyumba vya seva vya zamani katika joto la Kyela, kiyoyozi kimekufa, dari linavuja, nakala rudufu zikiwa juu ya kabati lilelile pamoja na seva. Bonde hili hupokea maji ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mafuriko yake hayachagui ofisi. Isitoshe, hesabu zilizofungiwa wilayani ziliwahi kuwa rahisi kuchezewa. Kuzikusanya mahali pamoja kulikuwa na hoja ya haki.

Hata hivyo, nchi hii ilikwisha kuonja mfumo ambao ujuzi wake uko kwa wengine. Hazina ilileta kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, mwaka 1965. Wataalamu walioielewa walikuwa wachache, wengi wao wageni, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wako wanaoiona amri ile kama uoga wa wajamaa. Nadhani wanakosea: ilikuwa ni hasira ya mtu aliyelipia chombo asichoweza kukitengeneza, na haikumfundisha yeyote kukitengeneza. Leo tuna mkongo wa taifa, na Sheria ya Serikali Mtandao tangu 2019. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, kila mtu alizungumzia waya. Kuhusu nani amepewa ruhusa ya kutengeneza huku mwisho wa waya, sikusikia mjadala.

Mtumishi mwenzangu unayeandaa miongozo ya mifumo hii, nakuuliza: afisa mwenye shahada, aliyeapishwa kutunza siri za serikali, anashindwaje kuaminiwa na saa ya kompyuta? Unaweza kumpa nywila ya dharura ya siku moja, kila anachofanya kikaandikwa na kukaguliwa. Teknolojia yake ipo, haina ugumu.

Yule mama alishusha magunia kwenye ghala la jirani, akalipa wapagazi, na kesho yake akawalipa tena kuyapakia. Mengine yalikuwa yamelowa. Aliyauza palepale kwa bei ya hasara.

Kabla sijaondoka kijana alinionyesha daftari lake la kaunta. Kila hitilafu ameiandika: siku, chanzo, muda wa kusubiri. Nilimuuliza nani hulisoma. Akacheka. Nikaomba ruhusa ya kunakili mstari wa siku ile, wenye mwandiko mdogo ulionyooka: “Saa imerudi nyuma. Betri ipo. Nywila haipo. Saa 26.”