Urithi wa Ganda la Yai katika Bonde la Rukwa

Galula iko chini katika Bonde la Rukwa, kando ya Mto Songwe, kwenye joto lisilojulikana kule juu Mbeya na Tunduma. Kuku waliozoeleka humo ni wa kienyeji, na asili yao ni ng'ambo ya Bahari ya Hindi: uchunguzi wa vinasaba vya kuku wa Afrika Mashariki umebaini nasaba za kike za Bara Hindi na za Asia ya Kusini-Mashariki.

Ganda la mayai yao lilichujwa na kuatamia. Yai lililopasuka chini ya mtetea halikutoa kifaranga, na udhaifu uliorithiwa ukakoma papo hapo. Ganda nene mno nalo lilibana hewa na kumchosha kifaranga wakati wa kutoka. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai madogo, 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, hivyo mwili wake hupata nafasi ya kurudisha madini.

Wazalishaji wa Ulaya na Marekani walishika njia nyingine: katika karne ya 20 walichagua kuku kwa wingi wa mayai, hadi wengine wakapita 300 kwa mwaka. Ganda moja hujengwa kwa saa 20 hivi na huchukua takribani gramu 2 za kalsiamu, ambayo sehemu yake hutoka mifupani. Ikabidi nguvu ya ganda nayo ipimwe katika uteuzi. Urithi wake ni wa wastani. Lishe, umri na joto vina sehemu kubwa. Mwaka 2004 ramani ya jeni za kuku ilipochapishwa, kazi ya kuhusisha jeni za protini za ganda, kama ovokleidini-116, na unene wake ikawa nyepesi zaidi.

Kwa Galula joto ndilo jambo zito. Kuku anayehema hupoteza kabonidayoksaidi, damu ikapungukiwa na malighafi ya ganda, na ganda likatoka jembamba, hata kama wazazi wake walikuwa bora. Hapo ndipo uteuzi uliofanywa katika nchi za baridi hupwaya.

Katikati ya miaka ya 2010, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo zilishiriki kuwajaribu kuku chotara, Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa, mikononi mwa wafugaji wa vijijini. Kuku hao wakizaliana wenyewe kwa wenyewe kijijini, jeni zilizounganishwa kwa ustadi hutawanyika, na ubora wa ganda hutofautiana kutoka mtetea mmoja hadi mwingine.