Maudhi ya utambuzi

Mzazi aliyempeleka mtoto kliniki ya kifafa hatamwambia muuguzi kwamba utambuzi wa mwanawe umeathirika. Atasema, "Tangu aanze hizi dawa anazubaa tu," au, "Nikimtuma dukani anafika kasahau alichotumwa." Madaktari wana jina moja la malalamiko hayo yote, kwa Kiingereza "cognitive side effects". Kwa Kiswahili wapo wanaoliita "madhara ya akili", na jina hilo mimi silikubali.

Neno akili kwetu limebeba mengi mno. Ni werevu, ni busara, na ukilitangulizia "ugonjwa wa", ni wazimu. Isitoshe, Tanzania wagonjwa wengi wa kifafa hutibiwa kwenye kliniki za afya ya akili, kwa hiyo jirani aliyekuona pale mlangoni keshakuhukumu. Ukiongeza kwamba hata dawa yenyewe inadhuru akili, umempa mgonjwa sababu ya kuitupa. Maudhi ya utambuzi yanafaa zaidi. Maudhi ni neno linalosikika kila siku kwenye huduma za uzazi wa mpango, kwa maana ya kero zinazoletwa na dawa. Nao utambuzi, katika saikolojia, ni kazi ya ubongo ya kupokea jambo, kulishika, kulikumbuka na kuliamulia.

Mfano wa kwanza ni fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo Mjerumani Alfred Hauptmann aliionyesha kuwa inazuia kifafa mwaka 1912. Huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Lakini haichagui: hutuliza seli zinazoleta degedege, na zile unazozihitaji kusikiliza na kukumbuka nazo huzipunguza kasi. Hutoka mwilini polepole sana. Baada ya siku tatu au nne, nusu ya dozi bado imo, na kiwango chake kwenye damu hutulia baada ya wiki mbili tatu. Ndiyo maana dozi huanza ndogo, hunywewa usiku, na huongezwa taratibu.

Sasa mchukue mfugaji nyuki mwenye kifafa anayetumia dawa hii huko Ugalla, kwenye miombo ya mpakani mwa Katavi na Tabora. Kazi yake ni kupanda mti, kufunga kamba, kufukiza moshi, na kukumbuka mzinga upi umening'inizwa wapi. Fundo lililofungwa kwa kuchelewachelewa ni hatari. Kuanguka kifafa juu ya mti ni hatari kubwa zaidi. Hapo akiacha dawa ghafla ili kichwa kiwe chepesi, degedege linaweza kumjia mfululizo bila kukatika, na hilo huua. Anachopaswa kufanya ni kurudi kliniki dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe, na hadi hali itulie, apande mwingine.

Utafiti nao haukubaliani kirahisi. Mwaka 1990, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba watoto wadogo waliopewa fenobabitoni kwa ajili ya degedege la homa walipata wastani wa alama 8.4 pungufu kwenye vipimo vya akili baada ya miaka miwili, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka uliofuata, matokeo ya Nakuru, Kenya, ambako watu 302 wenye kifafa walipewa ama fenobabitoni ama dawa nyingine ya kifafa, kabamazepini, yalionyesha kwamba zote mbili zilizuia degedege kwa kiwango kilekile na zilivumilika. Nionavyo, matokeo haya hayapingani. Waliochunguzwa Marekani walikuwa watoto wadogo wasio na kifafa. Kwa mwenye kifafa, degedege lisilozuiwa nalo linakula kumbukumbu.

Kwa hiyo kabla ya kuilaumu dawa, uliza kuzubaa kulianza lini. Kulikuwapo kabla ya kidonge cha kwanza? Kunakuja saa chache baada ya kuanguka? Au kulianza wiki dozi ilipopandishwa? La mwisho tu ndilo linaloelekea kuwa maudhi, na kwa kawaida hupungua dozi ikishushwa.

Valproeti, nayo dawa ya kifafa, ina habari nyingine. Mama akiitumia mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo, na vipimo vyake vya akili vikawa chini hata afikapo miaka sita. Hilo halipungui kwa kushusha dozi baadaye. Hapo sitasema maudhi, nitasema madhara.