Aliyeandaa mkutano wa kwanza, hesabu ikamruka

Mnaolalamika kwamba siku hizi sipatikani kwenye simu, sababu ni hii: Waswahili wa hapa London wamenitia kwenye kamati ya kuandaa siku yetu ya kwanza ya wazi, na katika kamati nzima hakuna aliyewahi kuandaa kitu zaidi ya harusi. (Najua shangazi atasema harusi si kitu kidogo. Kweli, lakini harusini wageni huja wenyewe!)

Basi katika pitapita za kutafuta ukumbi nimefika Caxton Street, karibu na stesheni ya St James's Park. Kuna jengo la matofali mekundu ambalo sasa ni ofisi na nyumba za kuishi. Zamani lilikuwa Westminster Town Hall, na humo, tarehe 23 hadi 25 Julai 1900, ulifanyika mkutano wa kwanza wa Pan-Afrika. Mwaka huo huko kwetu reli ya Uganda ilikuwa haijafika hata Ziwa Victoria.

Mwandaaji alikuwa Henry Sylvester Williams, mtu wa Trinidad, mwalimu wa zamani aliyekuja kusomea sheria. Riziki yake ilikuwa ya kubangaiza, akizunguka kutoa mihadhara kuhusu ulevi na kuweka akiba. Mwaka 1897 yeye na wenzake wachache walianzisha African Association hapa London. Hakuwa na serikali nyuma yake wala tajiri wa kumlipia mtu nauli ya meli.

Sasa angalieni akili ya huyu bwana. Mwaka 1900 Paris ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na watu wengi walikuwa wanavuka bahari kwenda huko. Williams akapanga mkutano wake uangukie majira hayohayo, ili aliyekwisha kulipa nauli ya kuja Ulaya avuke tu mpaka London. W.E.B. Du Bois, kwa mfano, alishughulikia maonyesho ya Wamarekani weusi kule Paris, naye akaja. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la maana kuliko yote aliyofanya. Sisi kwenye kamati tulibishana wiki mbili juu ya biriani na pilau, na tarehe hatujaijadili hata kidogo.

Tena hakukurupuka. Juni 1899, mwaka mzima kabla, aliitisha kikao cha maandalizi. Booker T. Washington alikuwa London wakati huo, akahudhuria, kisha akaandika barua kwenye magazeti ya Marekani kuutangaza mkutano. Mwenyewe hakuja siku ilipofika, lakini tangazo lake lilifika mbali.

Waliokusanyika walikuwa thelathini na kitu tu, kutoka Marekani, visiwa vya Karibi, Afrika na hapahapa Uingereza. Kiti cha mbele Williams hakukikalia, alimwachia Askofu Alexander Walters wa Marekani, yeye akabaki na kazi za ukatibu. Akina mama walisimama wakasema: Anna Julia Cooper na Anna H. Jones, wote walimu. Mtunzi wa muziki Samuel Coleridge-Taylor alikuwemo pia. Du Bois akaongoza kuandika tamko kwa mataifa ya dunia, na Malkia Victoria akapelekewa malalamiko juu ya kazi za kulazimishwa na sheria za pasi kule Afrika ya kusini. Jibu la serikali lilikuja baadaye, la adabu sana, lenye ahadi za jumla jumla. Mnazijua barua za namna hiyo.

Baada ya hapo ndipo palipoharibika. Walipanga mkutano mwingine 1902 Marekani na wa tatu 1904 Haiti, haikufanyika. Gazeti lao, The Pan-African, lilitoka Oktoba 1901 likafia hapohapo. Williams alikwenda Cape Town kufanya uwakili, akarudi London akachaguliwa diwani wa Marylebone mwaka 1906, akafariki kwao Trinidad mwaka 1911.

Kinachoniuma ni hesabu. Du Bois alipoitisha kongamano Paris mwaka 1919, hilo ndilo likaitwa la kwanza. La Manchester mwaka 1945, alilohudhuria Jomo Kenyatta, likawa la tano. Na lile la Dar es Salaam, Juni 1974, pale Nkrumah Hall chuoni, likawa la sita. London 1900 haimo, ingawa Du Bois mwenyewe alikaa ukumbini siku zile tatu!

Mjomba, wewe mwaka 1974 ulikuwa Dar. Kama uliingia Nkrumah Hall, au hata ulisimama nje tu kuangalia wageni, niandikie. Nataka kujua ni nani aliyewapikia wageni wote wale.